Diski ya Salma

Majirani zangu wa Kiwalani, nanyi mliohamia Boko mkadhani mmeyakimbia maneno ya watu, sogeeni niwasimulie yaliyoikuta nyumba ya Mwishehe.

Ilikuwa nyumba ambayo ukipita jioni unapunguza mwendo. Salma anapika samaki wa nazi uani, binti yao Munira anaruka kamba, na Mwishehe amekaa kwenye kibao anamenya vitunguu, akimwambia mkewe kwamba machozi yale ni ya mapenzi. Mimi naishi ukuta wa pili, nilivisikia vicheko vyao hata nisipotaka.

Kisha kiwanda alichofanyia kazi Mwishehe kikauzwa kwa mtu binafsi, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akiwemo. Salma yeye alikuwa karani wa ofisi ya mizigo kule Barabara ya Pugu, na bosi wake alishamwambia kwamba akifaulu mtihani wa uhasibu atapandishwa cheo. Mume anashinda nyumbani, mke anapanda. Mwishehe akaanza kuwa mtu wa kuangalia saa.

Mwaka ule wafadhili walikuwa wameiletea maktaba yetu ya kata kompyuta moja pamoja na vitabu vilivyowekwa ndani ya diski, vile vibapa vya plastiki vinavyoenea kwenye mfuko wa shati. Mkutubi wetu alikuwa Gaudens, mtu wa Bukoba, mpole, ambaye kila akisema "kwa kifupi" ujue utasimama hapo mpaka miguu ife ganzi. Masharti ya vitabu vile yalikuwa mageni kwetu. Kitabu kimoja kiliruhusiwa kwa msomaji mmoja tu. Akiwa nacho, wengine wanangoja, na muda wake ukiisha diski inajifunga yenyewe.

"Si kitu cha kwenye mashine hicho?" watu walimuuliza. "Kwa nini usitupigie kopi, kila mtu akawa na yake?"

"Kwa kifupi, wenye vitabu hawajaruhusu," Gaudens alijibu. "Nikikopi, watatunyang'anya vyote. Tuvumilie foleni."

Nani aamini? Sisi ni watu tuliopanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, tukaambiwa imekwisha, na huku tunaiona inatokea mlango wa nyuma. Kitu kikiwepo na tusipewe, basi kuna anayepewa. Kijiweni kwa muuza kahawa ikasemwa kwamba Gaudens anawapa wanawake anaowataka. Kitabu cha uhasibu kilikuwa kimoja, na wakati huo alikuwa nacho Salma, ambaye aliandikisha jina tangu Ramadhani na kungoja zamu yake kama wenzake. Hilo la kungoja halikusemwa. Mwishehe alikuwa amekaa hapo hapo na kikombe chake cha kahawa.

Jioni ile alimsubiri mlangoni.

"Umetoka wapi, Mama Munira?"

"Maktaba, nimeazima kitabu."

"Kiko wapi?"

Salma akatoa diski kwenye pochi. Mwishehe aliigeuza huku na huku. "Hiki ndo kitabu? Kurasa ziko wapi?"

"Zimo humo humo. Nasomaga ofisini saa ya chakula, kwenye kompyuta ya bosi."

"Kompyuta ya bosi," Mwishehe alirudia, akaenda zake kuoga.

Mnaona? Alikuwa na maswali tele kichwani, akaenda kuyaogea. Nakasirika kila nikikumbuka.

Siku chache baadaye Gaudens alipita pale nyumbani na kuwakosa wote wawili. Alimkuta Demetria, mpangaji wao wa chumba cha mbele, akifua nguo.

"Dada, mwambie Salma ile diski yake ina virusi," alisema. "Asiitumie tena popote, ataambukiza wengine. Walioazima kabla yake nawatafuta wote. Wala asiwe na wasiwasi, aje tu, iko dawa."

Miaka ile neno virusi lilikuwa na maana moja mtaani petu. Lilikuwa kwenye mabango ya zahanati, na tulikuwa tumeshazika watu. Diski Demetria hakuwahi kuisikia. Disko alilijua vizuri, maana lilipigwa kila Jumamosi kwenye baa ya nyuma na kumkosesha usingizi. Basi sikio lake likachagua neno lililolijua.

Mwishehe aliporudi, Demetria alimvuta pembeni.

"Baba Munira, mie si mchonganishi. Yule wa maktaba kaja. Kasema Salma, na mambo yake ya disko, ana virusi. Asije akaambukiza wengine. Na wale wa kabla anawatafuta wote."

"Kasema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Salma mwenyewe hakuambiwa. Demetria alimwonea huruma, akaona ni kazi ya mume. Mume naye hakusema. Alijitengea kikombe na sahani, akahamishia mkeka wake sebuleni, akamkataza Munira kunywa maji aliyobakiza mama yake. Mudathir, kaka yake Mwishehe, akaelezwa, mke wa Mudathir akajua, na hatimaye wanawake wakawa wanamsogelea Salma bombani kisha wanarudi nyuma na ndoo zao.

"Nimekukosea nini?" Salma alimuuliza.

"Unajijua."

Salma alidhani mumewe anaumia kwa ajili ya kazi. Aliinamisha kichwa, akaendelea kusoma diski ile ile ofisini, mpaka kompyuta ya bosi ikazimika na kupoteza kazi zote za mwezi. Siku hiyo alichelewa sana kurudi, macho mekundu kwa kulia. Mwishehe alikuwa amesimama uani. Demetria alikuwepo, nami nilikuwa naanua nguo zangu.

"Ulikuwa wapi?"

"Ofisini, Baba Munira. Mambo yameharibika. Wamegundua kuna virusi, na vimetoka kwangu."

"Unakiri mwenyewe?"

"Nakiri, lakini wallahi sikujua kama ninavyo."

Ndugu zangu, kila neno alilosema lilikuwa kweli, na kila neno lilimmaliza. Mwishehe alimwacha palepale, talaka tatu, mbele yetu. Asubuhi Salma akamchukua Munira na vyombo vyake, wakaenda kwa mjomba wake Boko.

Mchana wake Gaudens akabisha hodi.

"Shikamoo, mzee. Nimefuata ile diski yenye virusi. Ujumbe haukufika?"

Mwishehe alikuwa ameshainua mkono ampige. Mkono ukabaki juu. "Diski? Virusi vya hicho kidude?"

"Ni ugonjwa wa kompyuta. Mtu haumwi."

Ile ilikuwa mara ya kwanza Gaudens kusema kwa kifupi kweli.

Mwishehe alikimbilia Boko, akakimbilia kwa Sheikh Suhaib. Sheikh alimuuliza kama alitamka tatu, akasema alitamka. Akamuuliza kama alikuwa na akili zake, akasema alikuwa nazo. Sheikh alimhurumia lakini hakuwa na njia ya kuirudisha ndoa iliyovunjwa kwa tatu. Na Salma alisema hata Sheikh angekuwa nayo, yeye asingerudi.

Diski ilisafishwa, Salma akamaliza kitabu, akafaulu. Sasa ni mhasibu wa hoteli moja Mbezi Beach. Mwaka jana nilimpelekea salamu za Mwishehe. Alipangusa macho kwa ncha ya kanga.

"Mwambie nimezipokea," alisema. "Mie ningemjibu, jirani. Angeniuliza tu."

Mwishehe anaishi palepale. Vyombo vyote vilikwenda Boko, vimebaki sahani na kikombe alivyojitengea. Ukimtembelea hukirimiwi chai, maana hana kikombe cha pili.

Funzo

Wazazi na ndugu zangu, dhana mbaya haihitaji uongo ili ibomoe nyumba. Demetria hakukusudia ubaya, Gaudens hakukosea, na Salma alisema kweli tupu. Aliyekuwa na shaka alikuwa na mdomo pia, na mkewe alikuwa anarudi nyumbani kila jioni. Ukiletewa habari ya mtu wako, mkalishe umuulize, tena kwa maneno kamili, virusi vya nini na disko la wapi. Na ukimwona mwenzako amepewa kitu ambacho wewe unakingoja, kabla ya kwenda kijiweni, kwanza ulizia kama hakuwa mbele yako kwenye foleni.