Sauti ya Laini ya 114

Jumanne ile nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, nikimweleza jinsi mji huu ungekuwa bubu bila mimi. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme tuliachana kwa amani, na leo wenye vyeti vya kutundika ukutani ndio wanaonitafuta niwafungie simu zao za intaneti. Sijisifu. Nasema ukweli, na ukweli wenyewe ndio unaonisifu.

Zahanati ya macho anakofanya kazi dada yangu, pale mapokezi, ni kazi ya mikono hii. Simu kumi na mbili, mtambo mdogo wa kuziunganisha, usiozidi kamusi kwa ukubwa, nyaya zimenyooka ukutani kama mistari ya daftari. Kila simu niliipa namba, na nywila yake nikaifanya iwe namba ileile, asije mtu akaisahau. Simu ya dada ni 114, nywila 114. Kisha nikauacha mtambo wazi kwa nje, ili daktari mwenye zahanati apokee simu akiwa kwake. Cheka tu. Nani angehangaika kuiba simu za watu wasioona vizuri?

Simu yangu ikalia. Alikuwa dada, na sauti yake ilikwaruza.

"Panzi, njoo." Ni yeye tu duniani anayeniita Panzi, kwa sababu darasani sikukaa kitako. "Wagonjwa wanasema ninawapigia."

"Na wewe huwapigii?"

"Mdogo wangu, akili ninazo. Njoo."

Nilikwenda na nusu kichwa changu. Mambo yalikuwa hivi. Kwa wiki nzima wagonjwa walipigiwa na sauti ya dada, ileile ya upole, ikiwataja kwa majina na kuwaambia wasije, waache na dawa. Bibi mmoja aliacha matone siku nne. Jicho lake la kushoto halioni tena. Daktari alimpa dada mpaka Ijumaa athibitishe kuwa si yeye, la sivyo aondoke.

"Na koo hili," akasema, "linakauka tangu simu hizo zianze. Kila siku kidogo."

"Umebishana mno na wagonjwa. Pumzisha mdomo, fundi kafika."

"Fundi mwenyewe hujamaliza kunyolewa."

Nikafungua kumbukumbu za mtambo. Simu zote zilipigwa kutoka 114, saa saba mchana, wakati dada yuko uani anakula na wenzake. Na 114 ilikuwa imeunganishwa mara mbili. Moja mezani kwake. Nyingine kutoka nje, anwani nisiyoijua. Nikacheka. Kibaka wa mtandaoni huyo, kajaribu tarakimu tatu zilezile za namba ya simu na mlango ukafunguka. Nikabadilisha nywila zote, ndefu kama treni. Nikaufunga mlango wa nje, mtambo uongee na simu za ndani peke yake.

"Kwisha habari yake," nikamwambia.

Dada alijibu kwa kunong'ona. Hakuwa akitania. Sauti haikuwa ikipanda zaidi ya hapo.

Jumatano, saa saba mchana, tulikaa mapokezi watatu: mimi kwenye kompyuta, dada pembeni, na nesi aliyekuja kuona maajabu yangu. Mikono ya dada ilikuwa mapajani. Simu yake mezani, imelala.

Taa ya 114 ikawaka kwenye skrini.

Niliinua simu ya mezani. Kimya. Nikatazama anwani ya ile ya pili. Safari hii haikutoka nje. Ilikuwa ndani ya jengo.

"Stoo," dada akanong'ona, akinyoosha kidole kwenye mlango uliokuwa ukipenyeza mwanga.

Nikaingia stoo. Humo nilikuwa nimeacha simu ya kumi na tatu, mbovu, juu ya boksi la fremu za miwani. Waya wake ulikuwa bado umeviringishwa, umefungwa kwa raba. Haikuchomekwa popote.

Kioo chake kilikuwa kinawaka.

Nikainua mkonga.

"Usijisumbue kuja, mzee wangu," ilisema sauti ya dada, laini, haina hata mkwaruzo. "Na hayo matone, yaache."

Mzee akashukuru. Akakata.

Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Nilimwona dada. Midomo ameifumba. Mkono uko kooni.

"Nani wewe?" nikauliza.

Pumzi.

"Panzi," ikasema. "Usinifungie humu."

Mwingine angesimama akafikiri. Mimi si mtu wa kusimama. Nilijiambia mwizi kanisikiliza, kalijua jina langu, anataka kunichezea. Nikakimbia kwenye kompyuta. Dada akanikamata mkono kwa kucha. Akatikisa kichwa. Alitaka kusema neno. Ikatoka hewa.

"Tulia, dada. Namaliza."

Nikaifuta 114.

Taa ikazima. Kucha zikalegea. Dada akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Safari hii haikutoka hata hewa.

Nesi alishuhudia kila kitu, basi daktari akaomba radhi. Simu zile hazikupigwa tena. Dada hakufukuzwa, ila alihamishiwa kwenye mafaili, maana mapokezi hapakaliwi na mtu asiyesema. Daktari wa koo alimmulika akasema pako safi kabisa. Mimi niliirudisha 114. Nikarudisha na nywila yake ya kijinga, nikaufungua tena mlango wa nje, nikakaa nasubiri. Nimefanya hivyo mara kumi na moja. Nilifunga mlango nikijua mwizi yuko nje, kumbe kilichoibwa kilikuwa bado ndani.

Dada hajanilaumu. Jana aliniandikia kwenye karatasi: *Lala, Panzi. Macho yamekuwa mekundu.* Lakini silali. Natembea chumbani, nakaa, nasimama.

Ile simu ya stoo iko mezani kwangu. Nimeifungua kwa bisibisi: imeungua ndani, ni mfu kabisa. Ila vile vitundu vya kusemea vina unyevu. Unyevu wenyewe ni wa uvuguvugu. Naufuta kwa kitambaa, naanza kuhesabu. Kabla sijafika arobaini, umerudi.