Aliyeshika Komeo

Maji yaliyokutwa ukumbini kwa Tawakali Fakihi hayakuwa na chumvi. Kwingine lisingekuwa jambo, lakini hapa Sudi hata maji ya kisima yana chumvi, na chai yetu tumeshaizoea hivyohivyo. Mkewe, Mastura, aliyaona mchana kweupe, yametandaa kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka wa chakula, na mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima. Akachovya kidole, akaonja. Yalikuwa matamu, tena ya baridi, na yalinuka tope na majani yaliyooza.

Kitambo kidogo kabla ya hapo mtu alikuwa amepiga hodi. Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya upole, na Mastura, aliyekuwa akipakua wali, aliitikia "Karibu" bila kuinua kichwa, kama tulivyofunzwa sote tangu tukitambaa. Hakuingia mtu.

Alipomweleza mumewe, Tawakali aliacha kula. Akauliza hodi zilikuwa ngapi. Mastura akacheka, akasema tangu lini watu wakahesabu hodi. Lakini akikumbuka vizuri, zilikuwa tatu.

Tawakali alikuwa amerudi mwaka huohuo kutoka Ziwa Nyasa. Miaka mitatu aliandika meza katika meli ya abiria iliyowatembeza Wazungu waliokuwa likizo, wakiwemo hawa wetu wa mashamba ya karanga ya Nachingwea. Barazani hakuchoka kuisimulia. Alieleza taa za umeme, barafu ndani ya bilauri, vitambaa vya meza vilivyotiwa wanga, na zulia jekundu la chumba cha kulia ambalo yeye mwenyewe alilipiga brashi kila asubuhi. Kilichotuchekesha zaidi ni kwamba meli ile haikuwa na safari: iliondoka gatini Jumatatu, ikalizunguka ziwa, ikarudi gati lilelile Jumamosi, na watu wakashuka wakishukuru. Ziwa lenyewe alilidharau. Alisema ni kisima kikubwa tu, halimtishi mtu aliyezaliwa na bahari mlangoni. Kulikuwa na siku moja ya safari zile ambayo hakuisimulia kabisa, na sisi wa barazani, kwa kupenda mno yale ya barafu, hatukumuuliza.

Kesho yake, saa ileile, hodi zikaja tena, na keshokutwa pia. Mastura akaanza kutetemeka kila adhuhuri. Kanga zake zililoa naye hajagusa maji, na akikohoa, kilichotoka kifuani kilikuwa maji matamu. Wiki haikuisha mashavu yakawa yamebonyea. Tawakali alimpenda sana mke huyu. Hawakujaliwa mtoto, na hakuwahi hata siku moja kumsimanga kwa hilo.

Badala ya kwenda kwa fundi wa pepo, alipiga marufuku kuitikia hodi. Hapa kwetu nyumba isiyoitikia hodi ni afadhali ingeungua. Shangazi yake mwenyewe alisimama nje akaita mara tatu, akasikia watu wanapumua ndani, akarudi kwake akilia.

"Bwana, unamwogopa nani?" Mastura aliuliza kwa sauti ndogo.

Tawakali akajibu kwamba ni joto tu linamsumbua. Moyoni aliona haya, kwa maana jibu alikuwa nalo.

Majirani ndio waliomleta Bi Kadija, fundi wa pepo, mwanamke mfupi mwenye hasira za karibu, ambaye alianza kwa kuisema kahawa aliyopewa. Aliandika kombe, aya za Kurani kwa zafarani sahanini, akaziosha kwa maji, akamnywesha mgonjwa, akafukiza ubani hadi ukumbi ukawa hauonekani. Ilipofika adhuhuri hodi ya kwanza ikapigwa, kisha ya pili, na moshi uliokuwa umetulia ukaanza kupinda kuelekea mlangoni kana kwamba kuna mtu anauvuta kwa pumzi, na harufu ya tope ikaushinda ubani, na ya tatu ilipopigwa Mastura akakaa wima, nywele zinachuruzika, akafumbua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

Bi Kadija akamuuliza mgeni anataka nini.

"Muulizeni aliyeshika komeo," ilijibu.

Hapo Tawakali akapiga magoti, akasema. Ilikuwa adhuhuri, wakati wa kuandika meza, tufani ikaja. Amri ya meli ilikuwa abiria wa sitahani, weusi waliolala juu ya mizigo, wasikanyage chumba cha kulia kwa ajili ya zulia. Mwanamke mmoja alifika mlangoni. Hakugonga kwa fujo. Meli inalala huku na huku, mawimbi yanapanda, naye akapiga hodi mara tatu, kiungwana, kama yuko kwenye nyumba ya watu.

"Hapakuwa na Mzungu pale," Tawakali alisema. "Wote walikuwa vyumbani wanatapika. Ningefungua, nani angeniona? Nilishika komeo mpaka kukawa kimya. Kisha nikapangusa maji yaliyopenya chini ya mlango, na zulia likapona, nami nikasifiwa."

Bi Kadija akaweka chetezo chini. Alieleza kwamba majini yanayoishi ndani ya maji huokota kile ambacho watu wamekinyima, na hili limeivaa sauti ya marehemu. Halitaki ubani wake, linataka jibu. Kesho aitikie Tawakali mwenyewe, afungue kwa mkono wake, amlishe mgeni sahani moja, kisha amuage. Lakini anayekubali kuagwa ni yule aliyetajwa tu, kwa hiyo kama kuna lililobaki aliseme sasa.

"Hakuna," Tawakali alisema.

Siku ya pili hodi ya kwanza ilimkuta ameshasimama, mkono uko kwenye komeo na komeo limelowa, na ya pili ikamkuta anasoma aya anazozijua na kuzichanganya, na ya tatu ilipotoka, taratibu, ya mtu aliyechoka kuita, akasema "Karibu" kwa sauti iliyopasuka, akafungua, akaona jua na uwanja mtupu, huku maji yakipita kando ya miguu yake yakiingia ndani, nyayo kwa nyayo, hadi mkekani, na wali ukapungua sahanini tonge baada ya tonge mpaka ukaisha. Akamuaga mgeni. Nyayo zikarudi mlangoni, zikatoka, zikakauka juani.

Mastura akapiga chafya, akaomba chai. Bi Kadija akafunga chetezo chake, akaenda zake.

Tawakali alibaki anatazama sakafu. Nyayo kubwa ziliingia na zikatoka. Kando yake kulikuwa na nyayo ndogo, hazipiti urefu wa kidole, na hizo ziliingia tu.

Kulikuwa na neno hakulisema mbele ya mkewe, kwa aibu. Siku ile, baada ya hodi ya tatu, yule mwanamke alikuwa ameongeza: "Kaka, sijiombei mimi. Mpokeeni mtoto tu."

Bi Kadija alikuwa bado njiani, anaonekana, ungemwita angesikia. Tawakali alimtazama hadi akapinda kona. Kisha akachukua kitambaa, akainama, akazipangusa zile nyayo ndogo moja moja, sakafu ikawa safi.

Adhuhuri iliyofuata Mastura alikuwa mzima, amejipaka wanja. Alipakua sahani tatu. Ya tatu ilikuwa ndogo, na samaki wake alikwishatolewa miiba. Tawakali akauliza ni ya nani.

"Si umemkaribisha mwenyewe?" Mastura alisema, akivuta kanga yake kumfunika mtu asiyeonekana pembeni yake. "Anasikia baridi, maskini. Ananiuliza kwa nini ulichelewa kufungua."