Ujumbe wa Tano kutoka Mlimani

Saa sita na robo mchana, wachimba mchanga walikuta maiti mbili zimenasa kwenye mizizi kando ya mto, nusu kilomita chini ya daraja. Ya kwanza ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na tisa, namba yake ya mashindano ya baiskeli ingali kifuani. Ya pili ilikuwa ya Mwalimu, mstaafu wa miaka sabini na moja, redio ndogo ikining'inia shingoni na kiatu kimoja tu mguuni.

Kufikia saa tisa mji ulikuwa umeshampata mkosaji, tena mkosaji asiyeweza kujitetea: Mwalimu. Asiyekuwepo na lake halipo.

Inspekta alisimuliwa kosa hilo kwa mara ya tatu ndani ya chumba cha klabu ya redio, juu ya jukwaa la uwanja wa michezo. Wanachama walikuwa watu wa kujitolea: kila penye mbio au mkutano mkubwa, walisambaa na redio zao, wakapashana habari za njia na hali ya hewa. Mwenyekiti wao alikuwa mfamasia, mtu wa shati lililonyooka hata siku ya msiba.

"Soma mwenyewe, Afande," alisema, akamsogezea daftari la mawasiliano.

Leo Mwalimu alipangwa kituo cha mlimani, kutazama mvua na mto. Kwa desturi ya klabu, kila kituo hutia namba ujumbe wake, na anayepokea hulazimika kuirudia namba hiyo hewani. Kutoka mlimani zilikuwapo tano. Ya tano iliingia saa nne na dakika ishirini: *Manyunyu. Mto umetulia. Njia salama.*

"Na baada ya hapo?"

"Kimya. Nimemwita mara nne. Kumbe mwenzetu ameshashuka kutazama baiskeli. Simsemi marehemu, lakini..."

"Lakini unamsema," alisema Inspekta. "Vituo vingine havikumsikia?"

"Mlima unaziba. Anasikika hapa makao makuu tu. Mimi ndiye ninayewapasha wengine."

Mlangoni alisimama bintiye Mwalimu, muuguzi, bado na sare ya kazini. Macho yalikuwa makavu na mekundu.

"Afande, baba alikuwa haondoki hata sufuria ya maji ikiwa jikoni. Leo wanasema ameua mtoto wa watu. Kesho tunamzika. Tunamzika kama nani?"

Inspekta alilifunga daftari la klabu, akaondoka nalo.

Wa kwanza kuanguka mikononi mwake alikuwa Fundi Betri, aliyefunga mitambo ya vituo vyote. Alianza kuungama kabla hajaulizwa.

"Nimeua mimi, Afande. Betri ya mlimani ilikuwa kuukuu. Mpya niliitia kwenye gari langu."

Inspekta akapanda naye mlimani, saa kumi na moja jioni. Redio ya mezani ilikuwa inawaka taa. Alibonyeza, akaita, akajibiwa.

"Betri yako ni nzima kuliko wewe," alimwambia. "Kairudishe ile mpya, halafu ukanawe uso."

Kisha akakitazama kibanda. Kutoka dirishani daraja lilionekana lote huko bondeni. Begi la chakula halikufunguliwa. Koti la mvua la Mwalimu lilikuwa kwenye msumari. Mtu anayeshuka kustarehe kwenye mvua angelichukua koti. Daftari lake lilikuwa limekutwa mfukoni mwake, lakini mto ulikuwa umelifua likabaki karatasi tupu.

Saa kumi na mbili alibisha hodi kwa Mama Cherehani, aliyekuwa kituo cha njia panda.

"Mlimani mimi simsikii," alisema mama huyo. "Ninachosikia ni Mwenyekiti akimjibu."

"Na majibu hayo unayaandika?"

"Naandika kila kinachopita sikioni, mwanangu. Mkono uliozoea kazi haujui kukaa bure."

Akatoa daftari la vipimo vya wateja. Kwa nyuma, baada ya mabega na viuno vya watu, kulikuwa na asubuhi nzima. Inspekta alisoma mara mbili, akamwomba wafuatane.

Saa moja usiku wanachama wote walikuwa chumbani uwanjani. Bintiye Mwalimu alikaa mbele.

"Mwenyekiti," Inspekta alianza, "mtu anaweza kujibu ujumbe ambao hakuupokea?"

"Hawezi. Nimewafundisha mwenyewe."

"Ulimjibu Mwalimu hadi namba ngapi?"

"Tano."

"Mama, soma."

Mama Cherehani akavaa miwani. "'Saa nne na dakika thelathini na moja. Makao makuu: Mlimani, namba sita nimepokea. Saa nne na dakika thelathini na nane. Makao makuu: Mlimani, namba saba nimepokea.'"

Mdomo wa Mwenyekiti ulikuwa umejibu kwa mazoea ya miaka kumi na miwili, kabla kichwa hakijaamua kudanganya. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa na urefu wa dakika saba.

"Mama amekosea," alisema.

"Mimi nikikosea namba, Mwenyekiti, watu hutembea na suruali zinazobana. Sikosei."

Inspekta akafungua daftari la klabu. "Ukurasa huu umeuandika upya. Ule wa kweli ulikuwa na sita na saba. Kwa nini?"

Mwenyekiti alikaa.

"Mwaka jana huyohuyo alisema dhoruba inakuja. Nikasimamisha mashindano. Halikudondoka hata tone. Mwaka mzima watu wanaingia dukani kwangu kuniuliza kama waanike nguo. Mke wangu alicheka. Wanangu walicheka." Alijifuta uso. "Leo nikasema nitangoja dakika kumi. Kumi tu, nione."

"Yule msichana alifika darajani saa nne na dakika arobaini na tano, maji yakiwa yameshalifunika. Namba sita ilisemaje?"

"Mto unapanda. Simamisha mbio."

"Na saba?"

Alisema kwa sauti ya chini, ikabidi arudie. "Mbona hujawasimamisha? Nashuka mwenyewe."

Mtu mmoja nyuma alianza kulia. Bintiye Mwalimu hakulia. Alisimama, akaja hadi mezani.

"Alikuwa na sauti gani?"

"Binti yangu..."

"Usiniite hivyo. Alikuwa na sauti gani?"

"Alikuwa anahema," alisema Mwenyekiti. "Nadhani alishaanza kukimbia."

Bintiye Mwalimu aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Baba ana goti bovu," alisema. "Miaka sita sijamwona akikimbia."

Ndipo alipoanguka. Mama Cherehani alimdaka kabla hajafika sakafuni, na Inspekta alimwacha alie kwanza, kisha akatoa pingu.