Ukumbi Unaouliza

Tusekile alikuwa na miaka sita. Mama yake alikuwa na kazi ya kucheza.

"Kucheza si kazi!" watoto wa shuleni walimcheka.
"Ni kazi," alisema Tusekile. "Mama anacheza mpira wa vinyoya. Hata ndege amepanda, kwa kucheza tu!"

Mpira huo si wa duara. Una manyoya meupe ya bata, kama kisketi. Mama aliuita kinyoya. Kabla ya kucheza, alivipitisha vinyoya kwenye mvuke wa birika, visikatike upesi.

Mama hakucheza peke yake. Alicheza na anti Bupe. Mama alisimama mbele, anti Bupe alisimama nyuma.
Anti Bupe ndiye aliyemsuka Tusekile nywele kila Jumapili.

Kinyoya kilipokuja katikati yao, mmoja aliita, "Changu!" Au aliita, "Chako!"
Hivyo hawakugongana. Na kinyoya hakikuanguka.

Kwich, kwich, vililia viatu.
Tok! Tok! zililia raketi.
Changu! Chako!

Lakini Jumamosi moja, kwenye mechi, kinyoya kilikuja katikati. Mama akamngoja anti Bupe. Anti Bupe akamngoja mama.
Pu! Kikaanguka. Wakashindwa.

"Kilikuwa chako," alisema mama.
"Hata! Kilikuwa chako," alisema anti Bupe.
Tangu hapo wakanyamaza, kimya.

Jumapili ikapita. Nywele za Tusekile hazikusukwa.

Siku ya mazoezi, ukungu ulishuka kutoka mlimani. Ulikaa madirishani mwa ukumbi wa michezo, mweupe na mzito, kama mtu anayechungulia.

Madirisha ya ukumbi yalifungwa yote. Hata upepo mdogo husukuma kinyoya. Kwa hiyo ndani hamkuwa na upepo. Hata kidogo.

Kocha alirusha kinyoya katikati. Mama kimya. Anti Bupe kimya. Pu!
Akarusha kingine. Pu!

"Nyie akina dada," kocha alisema, "kesho ni mechi ya mwisho. Mkishindwa tena, kila mmoja nitamtafutia mwenzake mwingine."

Akachukua kofia yake. "Niko nje nakunywa chai. Mkikumbuka kwamba mna midomo, mniite."

Tusekile alishika nywele zake zilizotimka. Anti Bupe akipata mwenzake mwingine, je, atakuja tena nyumbani?

Mama alikaa kwenye benchi hili. Anti Bupe alikaa kwenye benchi lile.
"Tusa, okota vinyoya, mwanangu," mama alisema.

Tusekile akaokota. Kimoja huku, kimoja kule. Cha mwisho kilikuwa kiwanja cha pili, upande wa giza. Taa ya kule ilikuwa imeungua.

Alinyoosha mkono. Kinyoya kikasogea.
Hakukuwa na upepo.

Alinyoosha tena. Kikasogea tena. Kikaingia gizani, taratibu, kama kinaitwa.

Kwich, kwich. Viatu havikuwapo.
Tok. Raketi haikuwapo.
Kisha sauti ndogo, baridi kama ukungu: "Changu?... Chako?"

Hakuna aliyejibu.
Pu.

Tusekile alitaka kukimbia. Miguu ikakataa.

Kwich, kwich.
Tok.
"Changu?... Chako?"
Pu.

Tusekile akasikiliza vizuri. Sauti ile haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka. Ilikuwa inauliza tu, na hakuna anayeijibu.

Akafumba macho.
"Chako!" akaita.

TOK!
Kinyoya kikaruka kutoka gizani. Shwiiii! Kikapita juu ya kichwa chake. Kikapita chini ya taa. Kikatua sakafuni, katikati ya benchi hili na benchi lile.

"Nani amekipiga?" mama akauliza.
"Si mimi," alisema anti Bupe. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile.

"Ni yule," Tusekile alisema. Alionyesha giza.
"Yule nani?"
"Yule anayeuliza. Asipojibiwa, kinaanguka."

Mama akasimama, raketi mkononi. Anti Bupe akasimama. Wote watatu wakasikiliza.

Kwich, kwich.
Tok.
"Changu?... Chako?"

Anti Bupe akamshika mama mkono. "Atu," alimwita kwa jina lake, "umesikia?"
"Nimesikia."
"Hiyo si sauti yako?"
"Mbona mimi nasikia yako?" mama akanong'ona.

Ukungu ulishikamana na vioo.
"Tumenyamaza sana, Bupe," mama alisema polepole. "Mpaka ukumbi unaita badala yetu."

Gizani kitu cheupe kikapaa. Kilikuwa kinyoya. Kilikuja juu, juu, polepole, katikati ya mama na anti Bupe.

"Jibuni!" Tusekile akapiga kelele. "Jibuni, kitaanguka!"

"Changu!" akaita mama.
"Chako!" akaita anti Bupe.
TOK!

Kinyoya kikarudi gizani. Wakangoja kisikike kikianguka.
Wakangoja.
Hakikuanguka.

Mama akawasha tochi ya simu. Wakaenda pamoja, wameshikana mikono. Kiwanja cha pili kilikuwa kitupu. Sakafuni kulikuwa na vumbi, na vumbini hapakuwa na alama ya kiatu.

"Tutoke," alisema anti Bupe.
"Tutoke," alisema mama.
Wakatoka mbio, wote watatu, wakigombania mlango. Kocha akamwaga chai yake.
"Eh! Mnakimbia nini?"
"Tumekumbuka midomo yetu!" alisema anti Bupe.

Kesho yake watu walijaa ukumbini. Tusekile alikaa mbele kabisa.

Kwich, kwich!
Tok! Tok!
Changu! Chako!

Pointi ya mwisho, kinyoya kilikuja katikati. Katikati kabisa. Tusekile alihisi baridi shingoni, kama mtu anapumua nyuma yake.

"Changu!" akaita anti Bupe.
"Chako!" akaita mama, akainama.
TOK!
Kikaanguka, lakini upande wa pili wa wavu. Walikuwa wameshinda!

Jioni ile anti Bupe alikuja nyumbani. Alikaa kitandani, akamsuka Tusekile nywele, mistari myembamba, mizuri.

"Kikombe hiki cha nani kuosha?" mama aliuliza.
"Changu!" alisema anti Bupe.
"Na kitoto hiki cha nani kulaza?"
"Changu!" wakaita wote wawili, wakainama pamoja.
Ko! Vichwa vikagongana.

Wakacheka mpaka machozi. "Sasa hapo," Tusekile alisema, "mmoja angesema chako."

Taa ikazimwa. Tusekile alijifunika hadi kidevuni. Nje, ukungu ulichungulia dirishani.

Mbali, mbali sana, kitu kikalia.
Kwich, kwich.
Tok.
"Changu?... Chako?"

Tusekile hakuogopa. Sana.
"Chako," akanong'ona.

Tok.

Akasikiliza, akasikiliza, mpaka macho yakawa mazito.
Hakuna kilichoanguka.