Dawa ya Mama Ndani ya Friji la Bia

Wasomaji wenzangu, mie ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mama wa watoto watatu, na naishi Temeke. Nina ndoa ya kanisani, nina kazi kiwandani, nashona magunia. Ukinipita njiani utasema huyu mambo yamemnyookea... Laiti ungejua.

Mama yangu alikuja kwetu kutoka Masasi baada ya kugunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari. Ilibidi achomwe sindano ya insulini kila asubuhi. Jirani yetu muuguzi alinifundisha kuchemsha sindano, kuvuta dawa na kumchoma pajani. Akanisisitizia kuwa dawa ile haitaki joto. Kaka yangu, ambaye ni baharia, aliposikia hivyo alituletea friji jeupe la mtumba. Akalikabidhi kwa Mama mbele ya mume wangu na kusema, "Hili ni la dawa. Mkiweka na maji ya kunywa, sawa."

Mume wangu, Baba Neema, ni fundi wa mafriji katika hoteli moja mjini. Siku moja alirudi na pipa la chuma lenye bia, mtungi wa gesi ya kuisukumia, na bomba kuukuu ambalo hoteli ilikuwa imeliacha. Siku hizo bia za chupa zilikuwa adimu kama sabuni. Akasema watu watakuja kunywa sebuleni kwetu, bia ya bomba, ya baridi, kama wanywavyo wakubwa hotelini.

Nikamuuliza pipa litakaa wapi. Akaligeukia friji la Mama...

Nilimsihi sana. Akanijibu taratibu, "Mama Neema, dawa yenyewe inaenea kiganjani. Friji zima linakaa bure." Akatoa rafu zote, akatoboa mlango, akapachika bomba. Vichupa vya dawa akavitia kwenye kopo la maziwa, akalining'iniza juu kabisa, karibu na sehemu ya barafu.

Mama alikuwa mkekani, anatazama. Alisema tu, "Mwanangu, usije ukanisahau humo."

"Mama, wewe ndiye mwenye nyumba," mume wangu akamjibu, akicheka.

Watu wakaanza kuja. Sebule ikajaa moshi wa sigara, Mama akahamishiwa chumba cha watoto. Nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi ili nimweleze. Mkewe akaniambia mzee hayupo, yuko kwangu. Nikarudi, nikamkuta ameshika glasi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akanisifu kwa kupata mume mwenye akili. Ningemwambia nini tena?

Kisha bia ikaanza kutoka povu tupu, wateja wakanung'unika. Baba Neema akasema haijapata baridi ya kutosha, akakizungusha kitufe cha baridi mpaka mwisho. Povu likatulia.

Baada ya hapo Mama akaanza kudhoofika. Kiu haikatiki, haja ndogo kila mara, nguo zinampwaya. Sindano nilimchoma kila asubuhi bila kukosa! Mume wangu akasema bibi anakula vitamu kwa majirani, eti amemwona na embe. Mama akaapa. "Mwanangu, sijatia kitu kitamu mdomoni." Nilimtazama mume wangu, nikamtazama Mama, nisijue nimsadiki nani. Kuanzia siku hiyo Mama akawa anakataa hata ugali, ili tusimshuku...

Asubuhi moja nilimkuta anahema mbiombio, pumzi zinanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nilimwita, hakuitika. Tukampakia kwenye gari la jirani hadi hospitali, nami nikabeba kopo la dawa.

Daktari alikishika kichupa, akakiinamisha kwenye mwanga. Vijipande vyeupe vilikuwa vimenata kwenye kioo. Akasema, "Dawa hii iliwahi kuwa barafu. Ikishaganda haifanyi kazi tena, hata ikiyeyuka."

Nikamwambia haiwezekani, kila asubuhi naikuta maji. Mume wangu alikuwa nyuma yangu. Nikasikia sauti yake, ndogo kabisa.

"Nilikuwa naikuta imeganda. Nikawa naiyeyusha kwenye maji ya moto kabla hujaamka."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilijua utataka pipa litolewe," akasema. "Nilidhani ni kama maji, ikiyeyuka inarudi vile vile."

Mama alifariki jioni ile bila kufumbua macho. Sikupata hata nafasi ya kumwambia kuwa sasa nimemsadiki.

Mume wangu alilia msibani kuliko watu wote. Wazee wakanikalisha, wakasema ni bahati mbaya, nimsamehe, nina watoto. Padre naye akasema hivyo hivyo. Kaka yangu aliporudi kutoka safari alifika mpaka mlangoni, akaliona lile bomba, akageuka. Hajakanyaga tena kwangu, nami simlaumu.

Nyumba ni ya mume wangu, watoto ni wadogo, na mshahara wangu hautoshi kupanga chumba. Basi nipo. Naandika haya jikoni huku wanaume wanazungumza sebuleni. Bia bado inatoka, na anayeosha glasi ni mie.

Wasomaji wenzangu, dada zangu hasa, nawasihi. Mkiwa na mgonjwa ndani, kitu chake kisiguswe na mtu, hata akiwa mume, hata akicheka vizuri namna gani. Msingoje balozi, msingoje wazee, msiogope kuitwa wakorofi. Mie niliogopa ugomvi, nikapata msiba. Na mgonjwa akikuapia kuwa hajala, msadiki kwanza, kisha uende ukaitazame dawa yake.