Kifuko cha Utepe Mweusi

Foleni ya malipo ilikuwa imefika hadi kwenye rafu za sabuni, na wote waliokuwa ndani yake walikuwa wamemkasirikia mwanamke mmoja. Alivaa gauni la rangi ya haradali lenye vifungo saba mbele, hakuna hata viwili vinavyofanana, na alikuwa amemwinamia keshia kama mtu anayeomba msamaha.

"Naomba tu yale mabomba ya karatasi," alisema. "Yale yanayobaki karatasi za risiti zikiisha. Nimeyaona kwenye ndoo yako."

"Dada, haya ni takataka!"

"Ndiyo maana nayaomba. Yako mangapi?"

Mwanamume aliyesimama nyuma yake, mrefu, shati la buluu lililopauka na pakiti nne za betri mkononi, akaangua kicheko. Mwanamke akageuka. Macho yalimwaka.

"Unacheka nini wewe? Unajua mtoto wa binamu yangu atapata nini Krismasi? Treni! Mabehewa kumi na mawili. Wewe wa kwenu utawapa nini?"

"Mimi ni fundi redio," alisema yule mwanamume. "Nitawapa betri."

Foleni nzima ikacheka, keshia akachoka, ndoo ikamwagwa kwenye kaunta. Mwanamke alipotoka nje na mabomba yake kifuani, matatu yakamponyoka, na nani aliyeyafukuzia barabarani huku magari yakimpigia honi? Huyo huyo wa betri. Alirudi anahema, shati limetoka kwenye suruali.

"Mabehewa yako," alisema. "Sasa nipe namba yako ya simu, nijue treni ikifika."

Jamani, alimpa! Yeye mwenyewe alishangaa. Mwanamke ambaye shangazi yake alishamkatia tamaa, anayewajibu wanaume kwa neno moja na kugeuka, alisimama kando ya barabara akataja namba zake zote bila hata kukosea.

Kazi yake ilikuwa kwenye duka la dobi. Wenzake wakifua na kupiga pasi, yeye alikaa dirishani na sindano akirudishia mashati ya watu vifungo vilivyodondoka. Fundi alipoliona kopo lake lililojaa vifungo, akambatiza Vifungo. Naye akamwita Fundi tu, kwa sauti ya kuvuta, na mabinti wa pasi wakawa wanakohoa kila simu ilipolia.

"Vifungo wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umeunguza nini leo?"

"Kidole. Nilikuwa nakuwaza."

"Acha uongo! Uliwahi kunifikiria ukaunguza kitu cha maana?"

Kila mwaka Vifungo alikuwa na orodha ya watu kumi na tisa, na kila mmoja alipata zawadi ya Krismasi iliyotoka kwa mikono yake. Makopo ya maziwa yaligeuka taa zenye matundu ya nyota. Mashati yaliyosahauliwa kwa dobi miaka yaligeuka aproni. Ni kweli pesa zilikuwa haba, lakini hata zingejaa asingeacha. Kuona kitu kimetupwa kulimuuma kama kuona mtu ameachwa. Shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni, hakuelewa kabisa.

"Siku moja utampa mtu takataka, akurushie usoni," alimwambia. "Na mimi nitakuwepo nione."

Wiki ya kwanza ya Desemba alipita karakana ya Fundi, chumba chembamba kilichojaa redio zilizofunguliwa matumbo. Chini ya meza palikuwa na boksi la kaseti.

"Hizi za nini?"

"Mbovu hizo. Chukua."

"Zote?"

"Zote, mpenzi. Nani anasikiliza kaseti siku hizi?"

Akazibeba. Alizifungua moja moja, akachomoa ule utepe mweusi unaong'aa, akaufuma kwa kroshia. Na loo, ulivyopendeza! Alimfumia wifi yake mtarajiwa, dada yake Fundi, kipochi cha mkononi. Fundi mwenyewe alimfumia kifuko cha bisibisi, chenye vijifuko sita, mshono umebana, kinameremeta kama kiatu kilichopigwa rangi. Alitumia ule utepe mzuri kuliko wote, usio na mkunjo hata mmoja.

Siku mbili kabla hajakikabidhi, simu ikalia.

"Vifungo, Jumapili njoo kwa dada yangu. Nina jambo. Kuna mtu nataka umsikie."

"Nimsikie au nimwone?"

"Umsikie," alisema, na kwa mara ya kwanza hakutania.

Basi Jumapili, saa nane mchana, Vifungo akaingia sebuleni kwa dada mtu, gauni jeupe lenye kola ya buluu, nywele zimebanwa, shangazi ubavuni amevaa hereni zake za heshima. Hakuwa mtoto, alijua mwanamume akiita shangazi na dada chumba kimoja ana nia gani. Fundi alikuwa amepiga pasi hadi mikono ya shati ikasimama. Juu ya meza, kati ya glasi za maji ya matunda, palikuwa na redio kaseti kuukuu, imefutwa vumbi.

"Zawadi kwanza," alisema Vifungo, maana alishindwa kungoja.

Fundi akafungua karatasi. Akakigeuza kifuko, akapitisha kidole kwenye mshono, akacheka kwa furaha. "Mpenzi! Umeshona na nini hii?"

"Kisia."

"Ngozi?"

"Kaseti zako mbovu!" Vifungo akapiga makofi. "Boksi zima. Sikubakisha hata moja."

Kicheko kilikufa palepale. Fundi aliitazama redio iliyokuwa mezani, akakitazama kifuko, na rangi ikamtoka usoni mpaka midomo. Alikiweka kifuko kitini taratibu, kama kitu cha moto.

"Nakuja," alisema.

Akatoka. Walisikia geti. Wakangoja nusu saa, wakangoja saa nzima. Dada mtu alipiga simu, haikupokewa. Shangazi alifungua mdomo, akaufunga, na huko kufunga mdomo kwa shangazi kuliumiza kuliko maneno. Vifungo alikiokota kifuko chake, akasema ahsanteni kwa chakula ambacho hakikuwa kimepakuliwa bado, akaondoka. Njiani machozi yalimtoka bila sauti. Mwanamume aliyewahi kukimbilia mabomba ya karatasi katikati ya magari, leo ameona haya kupewa takataka mbele ya watu! Hakuamini, na wakati huohuo aliamini kabisa.

Jumatatu hakupiga simu. Jumanne hakupiga. Naye Vifungo hakumpigia. Akawa anashona vifungo vya watu kwa hasira mpaka vingine ikabidi avikate upya. Mabinti wa pasi hawakukohoa tena.

Jumatano asubuhi, siku ya kuamkia Krismasi, simu ikalia. Alikuwa dada yake Fundi.

"Wifi, naomba usikate."

"Nakusikia, dada."

"Amejifungia karakana tangu Jumapili. Nimemlazimisha aseme leo." Akavuta pumzi. "Mama yetu, kabla hajafariki, alirekodi kaseti. Alimpa akamwambia asiisikilize mpaka siku atakapopata mke, waisikilize pamoja. Miaka sita hajaigusa. Aliificha ndani ya lile boksi la mbovu, kwa sababu wateja wanaojaribia redio zao hunyakua kaseti yoyote nzima wanayoiona mezani, wakarekodi juu yake. Halafu akakwambia chukua zote. Jumapili alitangulia kuleta redio tu, kaseti alikuwa aifuate karakana tukishakula. Alisahau, wifi! Alisahau kabisa, mpaka ulipopiga makofi. Hana hasira na wewe. Anajichukia yeye."

Vifungo alisimama. Kopo likamwagika, vifungo vikatawanyika sakafu nzima, na hakuvisikia.

"Ilikuwa na ganda la rangi gani?" aliuliza. Sauti haikuwa yake.

"La kijani. Halikuandikwa kitu."

Mungu wangu. La kijani. Ule utepe mzuri kuliko wote, usio na mkunjo kwa sababu haukuwahi kuchezwa hata mara moja. Alikuwa amechukua sauti ya mama wa watu akaitia vijifuko sita vya bisibisi.

Hakuomba ruhusa. Alipita nyumbani, akachukua kifuko na lile ganda la kijani, maana alikuwa ameyaweka maganda yote atengenezee fremu za picha, akakimbia na sapatu zake za kazini. Alipogonga karakana hakuna aliyejibu. Akagonga kwa ngumi.

"Fundi! Fungua, nitauvunja huu mlango!"

Mlango ukafunguka. Ndevu zilikuwa zimemwota ovyo, na macho yalikuwa mekundu.

"Samahani," alianza. "Nilishindwa kukutazama. Nimeipoteza mwenyewe halafu nikakuaibisha mbele ya watu..."

"Nyamaza. Nimekuja kukifumua."

"Kufumua nini?"

"Kifuko!"

Fundi alimkodolea macho. "Si umekata vipande vipande? Kitu kina mishono elfu!"

"Nani alikwambia kroshia inakatwa? Ni uzi mmoja tangu mwanzo, Fundi. Ukishika mwisho wake ukavuta, unarudi wote. Lakini utepe ukitolewa gandani si umeshaharibika? Si umekufa?"

"Utepe?" Alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Vifungo, utepe hauna haja ya kuwa kwenye ganda. Kama haujakatika, sauti imo humohumo!"

Wakatazamana kama wehu. Siku tatu kila mmoja alikuwa amekaa na nusu ya jibu ambalo mwenzake alilihitaji.

Kisha Vifungo akakumbuka. "Fundi. Kifuko kilipotimia, utepe ulibaki. Nikaukata ule wa mwisho."

"Kiasi gani?"

"Kama konzi mbili. Niliufagia."

Fundi akavuta kigoda. "Haya," akasema. "Vuta."

Vifungo akavuta, mshono kwa mshono, naye Fundi akaupokea kwa vidole vilivyooshwa, akaunyoosha kwa kitambaa laini, akauviringisha kwenye gurudumu dogo kwa penseli. Walianza saa nne asubuhi, wakamaliza saa tisa alasiri. Kijifuko cha kwanza kilikwisha, cha pili kikaisha, mpaka mikononi mwa Vifungo pakabaki kitanzi kimoja, nacho kikafunguka. Fundi akafunga ganda la kijani kwa skrubu tano. Akaitia kaseti kwenye redio, akabonyeza.

Mkwaruzo. Mkwaruzo mrefu. Halafu:

"Hii taa nyekundu ndiyo yenyewe? Haya. Mwanangu."

Fundi alitoa sauti ambayo Vifungo hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

Sauti ilipanda na kushuka, mahali pengine ikazama, ikaibuka. "Na wewe binti uliyekaa naye hapo, sikujui jina, lakini karibu. Karibu sana kwetu. Huyu akiumia hujifungia na redio zake, asiseme na mtu. Usimwogope. Mgongee mlango, mgongee kwa nguvu." Vifungo alishika mdomo, nywele zilimsimama. Mama akacheka huko alikokuwa, akasimulia jinsi mwanawe alivyofungua redio ya kwanza kumtafuta mtangazaji ndani, akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, wimbo ukamshinda. Kisha akatulia.

"Sasa nisikilizeni vizuri. Neno langu la mwisho, halafu mkale. Nataka mniahidi kitu kimoja tu, nyote wawili. Mniahidi kwamba hata siku moja..."

Tk. Gurudumu likabaki linazunguka tupu.

Vifungo akapiga ukelele. "Nimelifagia! Neno la mwisho la mama yako, nimelifagia mimi, nikalitia kwenye ndoo!"

Fundi hakuinuka. Aliitazama ile mashine, machozi yanamchuruzika ndevuni.

"Ahidi," alisema.

"Niahidi nini? Hatujui alitaka nini!"

"Hata mimi sijui. Ahidi hivyohivyo."

"Wewe hujaniuliza hata kama nitaolewa nawe!"

"Mama amekwisha kukukaribisha. Utamkatalia usoni?"

Fundi akaushika mkono wa Vifungo, vidole vyao vyote vikiwa vyeusi kwa utepe, akauweka juu ya redio iliyokuwa bado inanguruma.

"Hata siku moja, mama," alisema Fundi.

Vifungo akainamia redio.

"Hata siku moja," akasema.