Onyo Juu ya Kalenda

Walikutana kwa fundi simu, katika jengo la maduka lenye makelele ya kila aina. Binti alivaa gauni la njano. Mwanamume aliyemtangulia kwenye foleni alikuwa na shati jeupe lililokunjwa mikono.

"Dada, pita mbele. Simu yako imeumia zaidi."

"Na wewe umeumia wapi?"

"Hapa." Akagusa kifua. "Tangu ulipoingia."

"Maneno hayo umeyanunua duka gani? Karudishe, yamechakaa."

Mwanamume alicheka mpaka fundi akainua kichwa. Haikupita muda akawa anamwita "roho yangu", naye akaitwa Msumbufu.

Wote wawili walitunga programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua, kusoma zilivyoundwa na kuzirekebisha. Huko kila mtu hujulikana kwa lakabu, na kati yao hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake lakabu yake.

Asubuhi moja binti alikuwa akisoma programu ya kundi jingine, kalenda ya hedhi inayotumiwa na wanawake wengi. Tarehe za kila mwanamke zilikuwa zikitumwa kwa kampuni ya matangazo, na mwenyewe hana habari. Akaandika onyo, akaonyesha mistari yenyewe, akaliweka hadharani.

Mchana simu ikalia.

"Roho yangu, nimevuliwa nguo mbele ya watu. Ile kalenda ni yangu na wenzangu. Kuna kiumbe anajiita Sindano ametuanika dunia nzima."

Binti akajibu, "Sindano ni mimi."

"Wewe? Uliyekula kwa mama yangu Jumapili?"

"Sikujua ni yenu."

"Na ungejua?"

Uongo ulimjia mdomoni, akaumeza. "Ningekupigia kwanza, ujikaze. Kisha ningeandika vilevile."

"Sisi wa programu huria ni wachache, tunaishi kwa kuaminiana. Ukiona kosa kwa jirani unabisha hodi, hupigi mbiu."

"Hodi ilibishwa, Msumbufu. Mwanamke mmoja aliwaandikia tangu mwaka jana, mkalifunga lalamiko lake bila jibu. Wale wengine nani angewaambia?"

Simu ikakatwa. Wiki nzima hakupiga.

Kisha Msumbufu akatokea mlangoni pa ofisi ya binti, ndevu hazijanyolewa, shati limevaliwa siku mbili.

"Dada yangu ana mimba."

"Mbona hiyo ni habari njema?"

"Hakumwambia mtu, hata mumewe. Matangazo ya nguo za watoto yakajaa kwenye kompyuta yake ya kazini, bosi wake akayaona. Amemwachisha kazi. Ile kalenda nilimwekea mimi, kwa mikono yangu."

Binti akamvutia kiti. Mistari aliyoisoma sasa ilikuwa na sura, na sura hiyo aliijua.

"Nimeing'oa leo ile sehemu inayotuma tarehe," Msumbufu akasema. "Wenzangu wawili wamesusa. Nimekuja kwa sababu nataka kukuoa. Ila mama anasema umemwaibisha mwanawe, na kundi linataka neno moja tu hadharani. Sema samahani, roho yangu, tuanze upya."

Binti akasogea, akamnyoosha kola iliyojikunja.

"Lete posa, nimekubali. Twende kwanza kwa wifi yangu. Lakini mwambie mama, na kundi lako, na wewe mwenyewe sikia: samahani sisemi."